Mawe Tisa ya Penavaira

Jumamosi ile nilikuwa nafua mashati kando ya kisima, ndani ya ngome ya Penavaira, nilipokuta chokaa kwenye mkono wa shati la Kapteni. Si vumbi. Vumbi lilikuwa kila mahali tangu mtambo wa Bwana wa Malavila ulipotupiga mawe mwezi mzima wa Aprili. Hii ilikuwa chokaa iliyokorogwa na mchanga, ikakaukia kwenye uzi, ngumu kama ukoko wa uji. Nikaikwangua kwa ukucha, nikainusa. Kisha nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mume wangu Gassiot alikuwa kule chini kambini kwa adui, amewekwa rehani, na chokaa ile ilitosha kumkata kichwa.

Mambo yalikuwa hivi. Sisi ni watu wa vita vya kukodiwa. Tulitoka Gaskonia tukiwa mia na ushei, na mwaka ule tulibaki arobaini na watatu, tumejifungia kwenye ngome ambayo hata si yetu, katika milima ya watu wasiotupenda, na wana sababu. Bwana wa Malavila alipochoka kutupiga mawe, na sisi tulipochoka kupigwa, tuliandikiana mapatano kama ilivyo desturi ya vita. Tulipewa siku arobaini. Mpaka saa sita mchana wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane, kama kuna jeshi la kutusaidia litakaloweza kusimama uwanjani chini ya ngome, ngome inabaki yetu. Likikosekana, siku hiyo au kabla yake, tunafungua lango na kutoka salama, na farasi wetu na silaha zetu. Katika siku hizo zote wao hawarushi hata kokoto, na sisi hatutengenezi kitu. Maneno yenyewe yalikuwa haya: jiwe lisiwekwe juu ya jiwe. Na ili maneno yawe na uzito, Kapteni atoe mtu wa damu yake akae kambini kwao. Mapatano yakivunjwa, kichwa cha mtu huyo ni cha Bwana wa Malavila.

Kapteni Amaniu hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Gassiot.

"Kichwa changu hakijawahi kupata thamani hivi," Gassiot alisema siku anashuka, huku anatafuna kitunguu. "Mama angekuwa hai angecheka mpaka akae chini."

Nilimfunga mkanda, ingawa anajua kuufunga. Akaniinamia sikioni. "Miramonda, mchunge kaka. Huyu mtu akikaa bure anaharibu."

Nilijua. Miaka tisa nimeishi na watu hawa, nikiwafulia, nikiwapikia, nikiwashona ngozi na nguo, na sijapata kumwona Kapteni amekaa kitako mpaka bakuli lake likaisha. Alikula akitembea. Alilala na viatu. Ngome tukiiteka leo, kesho asubuhi yuko ukutani anatazama kilima cha mbele. Watu walidhani ni uchu wa mali, lakini mali hakuijua hata iko mfuko gani. Ni mtu asiyekalika, basi. Na sasa alikuwa amefungiwa siku arobaini asipigane, asikimbie, asitengeneze. Alizunguka juu ya kuta tangu alfajiri. Askari walimhesabia mizunguko wakicheza kamari juu yake, na walipochoka na mizunguko walicheza kamari juu ya siku ambayo Kapteni Nolot angetokea. Huyu Nolot ndiye aliyeahidi kuja kutuokoa, akiwa na mikuki mia mbili.

Nililianika shati. Nikangoja jua lifike juu kabisa, wakati ambao wanaume wote hulala kwa joto, nikapanda ngazi za pembe ya kaskazini. Huko ndiko mtambo ulikokuwa umebomoa zaidi. Palikuwa na pengo ambalo mtu angeweza kulala ndani yake.

Pengo halikuwepo tena. Kapteni alikuwa amepiga magoti mbele yake, kifua wazi, ameshika uzi wenye kijiwe mwishoni, anapima kama ukuta umenyooka.

"Shemeji," nikasema.

Hakugeuka. "Usikanyage hapo, bado pabichi."

"Huo ubichi ndio ulionileta."

Akaushusha uzi polepole. "Nani kakwambia?"

"Shati lako."

Akacheka kidogo kwa puani. "Miaka kumi na mitano nawaponyoka wakubwa wa Ufaransa, leo nakamatwa na dobi."

"Mimi sicheki, Amaniu."

Sikuwahi kumwita kwa jina lake. Akaniangalia, kisha akaangalia mikono yake, ambayo ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko.

Nikahesabu mawe. Yalikuwa tisa, makubwa, yamekaa sawasawa kama yamezaliwa pale. Hilo pia nilijua: baba yao alikuwa mwashi, na Amaniu alishika mwiko kabla hajashika upanga. Chokaa aliitoa kwenye chumba cha chini ya kanisa, alikoiacha mwenye ngome.

"Keshokutwa ni Jumatatu," nikasema. "Mzee Durand anakuja kukagua."

"Ana mguu mbovu. Hafiki huku juu."

"Jumatatu iliyopita alifika. Ana kijiti amekichonga alama za kila pengo, na unajua anacho, kwa sababu ulimtania kwamba atakitafuna siku ya njaa. Shemeji, nijibu kama unavyomjibu padri unapoumwa. Umejenga ili usifungue lango?"

Chini uani farasi mmoja alikuwa anapiga kwato, anapiga tu, bila sababu.

"Yule mtawa wa Jumatano," akasema mwishowe, "aliyekuja kuomba sadaka. Niliwaambia ameleta baraka. Aliniletea na habari. Nolot haji. Amepatana na wakubwa, ameuza ngome zake, amekwenda zake kwao kulima zabibu."

"Kwa hiyo hatuna mtu."

"Hatuna mtu. Nikapanda hapa. Nikaona pengo hili. Nikafikiri, pembe hii ikizibwa na chakula kikipunguzwa, tunaweza kushika mpaka majira ya baridi, na wao watachoka kwanza. Nikakoroga chokaa."

"Na Gassiot?"

"Siku ile ya kwanza," alisema, "sikumfikiria. Sikwambii nilimsahau. Nilimweka pembeni, kama unavyoweka kofia. Siku ya pili nilimkumbuka, nikajua siwezi. Lakini mawe matano yalikuwa yameshakaa, na yalikaa vizuri, shemeji, na yalibaki manne tu. Mikono ikaniwasha. Nimemaliza kwa sababu nilishaanza."

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mtu mwingine angesema ilikuwa mikono tu tangu mwanzo, nami ningemwamini, na mambo yangekuwa mepesi. Siku ile sikujua nimchukie kwa ajili ya siku ya kwanza au nimshukuru kwa kunieleza. Mpaka leo bado sijajua vizuri. Nilichojua ni kwamba hasira ina wakati wake na chokaa ina wakati wake, na chokaa haingoji.

"Vunja," nikamwambia. "Kabla haijashika."

Tulifanya kazi mchana ule, na Jumapili mchana, Mungu atusamehe. Yeye aling'oa mawe kwa patasi na kuyalaza yalivyokuwa yamelala chini. Lakini kila jiwe lilikuwa limeganda chokaa upande mmoja, na ukuta wenyewe ulibaki na weupe kama mdomo wa mtoto anayekunywa maziwa. Nikaenda jikoni nikachukua mitungi miwili ya mvinyo uliochacha ukawa siki, na brashi yangu ya nywele za nguruwe. Siki inakula chokaa. Inatoa povu, inachemka, kisha inaachia. Nikapiga magoti nikasugua mawe tisa, pande zote, na ukuta, na sakafu, na nyufa. Niliyasuuza kwa maji ya kisima. Kapteni alinibebea ndoo, anapanda anashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nilimwona ametulia.

Jumapili jioni nilisimama nikatazama. Hapakuwa na chembe. Niliridhika kama ninavyoridhika shuka ikitoka bila doa, na hapo ndipo nilipokosea, ila sikuona.

Jumatatu Mzee Durand alipanda kilima juu ya punda wake mpaka msalaba wa mawe, na kutoka pale alikuja kwa miguu, maana punda hukataa kupita hapo. Alikuwa mjumbe wa Bwana wa Malavila kabla Bwana mwenyewe hajazaliwa. Alivaa koti lenye alama ya nyumba yao, na mtu aliyevaa koti lile haguswi hata na shetani. Vijana walimpenda, kwa sababu alikuwa mgeni pekee tuliyempata.

"Mzee, leo kwenu mnakula nini?" mmoja alipiga kelele kutoka juu ya lango.

"Kuku. Nyie je?"

"Sisi tunakula harufu yenu."

"Basi kuleni polepole, msije mkavimbiwa."

Alizunguka na kijiti chake, anagusa kila pengo, anahesabu alama. Nyuma yake walikuwa Kapteni, na Bidau, msaidizi wa Kapteni, mtu mwenye shingo nene na subira nyembamba, na askari watatu hivi waliofuata kwa kukosa kazi. Nami nilifuata na kikapu cha nguo, kana kwamba kuna kamba ya kuanikia pembe ya kaskazini.

Pale pembeni Mzee Durand alisimama muda mrefu. Alihesabu pengo, akaridhika. Akahesabu mawe chini: tisa, sawa. Kisha akapitisha kidole ukutani, akakitazama. Akakilamba.

"Mama," aliniambia bila kugeuka, "hapa panafuliwa siku gani?"

Vijana wakacheka, kisha wakaacha.

"Miaka arobaini naangalia kuta zilizobomoka," Mzee Durand aliendelea, taratibu, kama anayemweleza mjukuu. "Zina kinyesi cha njiwa. Zina vumbi, zina utando wa buibui. Pengo lile la mashariki lina hadi kiota. Hili halina hata sisimizi. Na linanuka siki."

"Siki ndiyo inayofukuza sisimizi," Bidau akasema haraka. Hakujua kitu, masikini, alikuwa anatetea tu kwa mazoea.

"Sisimizi wanaokula mawe?"

"Huku kwetu wapo."

"Bwana Bidau, huku si kwenu."

Nikaweka kikapu chini. Ni mimi niliyefanya vile. Mwanajeshi yeyote angepaka masizi na kumwaga vumbi. Mimi nilisafisha, kwa sababu kusafisha ndiyo kazi niijuayo, na sikujua kuacha uchafu wa kutosha.

Mzee Durand akamgeukia Kapteni, akavua kofia. Walipoona amevua kofia, vijana nao wakanyooka. "Kapteni Amaniu. Nakuuliza mara moja, na wewe unajibu kwa neno la mtu wa silaha, na nitakalolisikia ndilo nitakalolipeleka. Jiwe liliwekwa juu ya jiwe?"

Bidau akamsogelea Kapteni. "Sema hapana," akanong'ona, lakini minong'ono ya Bidau husikika mpaka uani. "Maneno yanagharimu nini? Sema hapana aende zake."

Ingekuwa rahisi. Tumewahi kuingia miji kwa uongo mkubwa zaidi, tumevaa kama wauza mbuzi. Lakini katika vita hivi vyetu, ambavyo mtu anaweza kuchoma zizi la mjane asiulizwe, neno lililotolewa mbele ya koti lile ndilo pekee linalobaki. Asiye na neno hawekewi mapatano tena. Akisalimu amri, asipouawa leo anauawa kesho. Nilimtazama Kapteni nikaona anapima, kama na ule uzi wake.

"Liliwekwa, Mzee. Mawe tisa. Kwa mikono hii. Halafu yakaondolewa."

Bidau akapiga paji la uso kwa kiganja.

Mzee Durand hakufurahi. Alirudisha kofia kichwani akaivuta mpaka masikioni. "Ningependa uniambie sisimizi," alisema. "Nimemzoea mdogo wako. Ananifundisha kucheza dama, na anaiba."

"Mzee," Kapteni akasema, "nami nina swali moja. Lango likifunguliwa leo, kabla ya Yohane, ni ndani ya mapatano?"

"Siku hiyo au kabla yake. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na kama litafunguliwa kabla wewe hujafika kwa bwana wako?"

Mzee akafikiri. Alifikiri mpaka njiwa wawili wakatua wakaondoka. "Hapo ngome ni ya bwana wangu," akasema. "Na sioni sababu ya kumpelekea mtu umbea juu ya ukuta wake mwenyewe." Akaanza kuelekea kwenye ngazi, akishika ukuta. "Mguu huu, Kapteni, unaujua. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Na punda wangu leo ana nuksi."

Kapteni alishuka ngazi tatu tatu. Mimi nilibaki juu, na nikiwa juu niliweza kuona pande zote mbili: njia inayoteremka kilimani, na uani ambako watu walikuwa wanakusanyika mbele ya lango, maana Bidau alikuwa amewahi. Mzee alipopitishwa nje, Bidau aliteremsha gogo la lango nyuma yake na kusimama mbele ya gogo na watu sita.

"Sote tusikie," Bidau akasema. "Unataka kutoa ngome siku kumi na moja kabla, na Nolot yuko njiani?"

"Nolot haji."

Palikuwa na kelele.

"Nani kasema?"

"Mtawa. Jumatano."

"Jumatano!" Bidau aligeuka akawatazama wenzake, kisha akamgeukia tena. "Siku tano! Watu wameweka mpaka viatu vyao rehani juu ya siku atakayokuja Nolot, na wewe unapita pale juu, unatutazama kama kuku!"

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo tu?"

"Unataka niseme nini, Bidau? Niliwaficha. Shemeji!" akapaza sauti bila kuinua kichwa. "Mzee yuko wapi?"

"Amepita mti wa kwanza," nikajibu. "Anashika mgongo."

"Sikilizeni," Kapteni akawaambia. "Mkitoka sasa, mnatoka na farasi na silaha, kama ilivyoandikwa. Mzee akifika kwanza, maandishi hayapo. Mtambo unaanza kesho. Mdogo wangu anakufa leo, na nyie mnakufa mwezi ujao, na hakuna wa kuja. Hilo ndilo lote."

Lilikuwa neno la akili, na nadhani wengi waliliona. Lakini watu waliofichwa jambo siku tano hawataki neno la akili kutoka kwa aliyewaficha. Mmoja alitema mate. Mwingine akasema, "Kwa ajili ya nduguye, angetuuza." Mwingine akamjibu, "Nawe ungeuza nani?" Wakaanza kusukumana.

"Shemeji!"

"Amefika msalabani! Amekaa! Anavua kiatu!"

Na kweli alikuwa amekaa, mzee yule, juu ya ngazi ya msalaba wa mawe, punda kando yake, anakung'uta kiatu ambacho nina hakika hakikuwa na kokoto. Alikikung'uta. Akachungulia ndani. Akakikung'uta tena. Lakini mtu hawezi kukung'uta kiatu mpaka jioni, na kule kambini walikuwa wanamwona kama nilivyomwona mimi.

"Na tukitoka," Bidau akasema, "anatuongoza nani? Wewe?"

Nadhani hakutaka jibu. Alitaka tu kuumiza. Kapteni akaenda kwenye ukuta wa zizi, akachomoa bendera yetu ndogo, ile yenye mbweha mwekundu, iliyotoboka, ambayo nimeishona mara kumi na nne. Akaja akaiegemeza kifuani kwa Bidau.

"Wewe," akasema.

Bidau aliishika kwa sababu ingeanguka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesukuma mlango kwa bega, akakuta haukufungwa. Kwa miaka sita alikuwa anaitaka bendera ile. Aliitaka kwa ugomvi, kwa kura, kwa usaliti hata, lakini hakuwahi kufikiri atapewa tu, mchana, na mtu ambaye amekwisha kugeuka na kwenda kutafuta funguo.

"Amaniu," akasema kwa sauti nyingine. "Hebu ngoja."

"Siwezi kungoja. Sijui kungoja. Unanijua. Toa amri, Kapteni Bidau."

Akasimama pale na bendera. Kisha akasema kwa waliomzunguka, kana kwamba wao ndio wanaochelewesha, "Mnangoja nini? Ondoeni gogo!"

"Anavaa kiatu!" nikapiga kelele. "Amesimama!"

Lango lilifunguka upana wa mkono mmoja tu, na Amaniu akapenya. Sijapata kuona mtu akikimbia vile bila kufukuzwa. Kichwa wazi, bila upanga, funguo za Penavaira zinagongana mkononi, anateremka kilima kwa kukata kona, anaanguka, anainuka. Alimpita Mzee Durand hatua chache chini ya msalaba. Mzee alikuwa ameinama, anamsihi punda, na hakuinua kichwa. Kambini walipoona mtu anakuja mbio walishika mikuki. Akainua funguo juu. Mikuki ikashuka, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekalia nguo safi za watu na kuziloanisha zote kwa machozi.

Gassiot walimtoa hema la nyuma kabla ya saa tisa. Alikuwa amenenepa.

"Wamenilisha kuku," aliniambia, ameniinua juu kama mfuko wa unga. "Kumbe kuwekwa rehani ndiyo kazi. Mbona mapema? Nolot amekuja?"

"Muulize kaka yako."

Kundi lilitoka jioni ile na farasi na silaha, Bidau mbele na mbweha wake mwekundu. Hawakutuita, nasi hatukuwafuata. Tulishika njia ya mto, watatu, tukiwa na farasi mmoja wa Gassiot na mfuko wa mikate. Amaniu alitembea mbele, kama kawaida, kisha akasimama, jambo ambalo si la kawaida, akatungoja.

Akamweleza nduguye yote. Hakuficha siku ya kwanza. Alisema palepale barabarani, wakulima wakipita na mikokoteni na kututazama kwa hofu, ingawa hatukuwa na kitu cha kutisha tena.

Gassiot alimsikiliza huku anafunga na kufungua kamba ya mfuko.

"Ilikuwa siku nzima?" aliuliza.

"Asubuhi mpaka jioni."

"Jumatano."

"Jumatano."

"Jumatano nilimshinda mzee michezo mitatu," Gassiot akasema. "Nilikuwa na furaha sana." Akatoa mkate, akaukata mara mbili juu ya goti, akampa nduguye nusu. "Tangulia, kaka. Sisi tutapumzika hapa kidogo."

Amaniu aliupokea mkate. Nilidhani atasema neno, na nadhani yeye pia alidhani. Kisha akageuka akaenda, anakula akitembea, na vumbi lake likakaa barabarani kwa muda baada ya yeye kutoonekana.

Hatukumfikia siku ile. Kesho yake, kwenye daraja, mlinzi alituambia mtu mrefu asiye na kofia amepita alfajiri. Aliuliza siku hizi wanapigana wapi, akaonyeshwa njia ya kulia, akaenda bila hata kunywa maji.

Gassiot aliitazama njia ya kulia. Aliitazama muda mrefu, na mimi nilinyamaza, kwa sababu yule ni ndugu yake na si wangu.

"Na hii ya kushoto inakwenda wapi?" akamuuliza mlinzi.

"Kwa wachunga kondoo. Hakuna kitu huko."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Kondoo tu, bwana. Na mvua."

Gassiot alishika hatamu ya farasi, akamgeuza kushoto.